Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa Masomo 2023/2024

Habari zenu wanachama wenzangu wa chama cha wanafunzi wa idara yetu,

Mambo ya kawaida mnayajua, mwaka wa kwanza tumewapokea, bonanza limefanyika, misiba miwili tumechangia. Hesabu: wanachama 180, ada 5,000, waliolipa 67, zimeingia 335,000, zimetoka 310,000, salio 25,000. Mkutano wa Machi tulikuwa 19 tu, inauma kwa kweli.

Sasa ile barua niliyoiandikia idara kulalamikia namna tunavyofundishwa na kupimwa. Wengine mnasema nimewaponza kwa walimu na kwamba niliandika bila idhini. Mkutano niliitisha, akidi haikutimia, mlitaka nisubiri mpaka lini? Wote tuliona wiki ya mwisho kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa muhula), testi nne na prezentesheni mbili zimerundikwa pamoja, alama za asaimenti hazijabandikwa, mtu anaingia kwenye mtihani wa alama 60 hajui kwenye zile 40 za testi na asaimenti ana 14 au 33. Watu hawali, hawalali. Mwenzetu mmoja nilimkuta saa nane usiku kwenye ngazi za maktaba na slaidi zake, kapiga mstari karibu kila neno la Kiingereza maana ameyakremu na hajaelewa, mikono inamtetemeka. Na ukidisko, yaani ukifeli mpaka ukaondolewa chuoni, si GPA (wastani wa alama) tu, mkopo wa Bodi ya Mikopo nao unasimama, ile elfu kumi ya kila siku ya kula na kulala ndo basi tena.

Halafu unakuta mwalimu siku ya kwanza tu anatangaza nusu yenu mtadisko. Tangu hapo nani atanyoosha mkono aulize? Lakini tunaye mwingine, karatasi anarudisha ndani ya wiki mbili, pembeni kaandika kwa penseli "mpaka hapa uko sawa, hatua ya tatu ndo imekupoteza", na somo lake ni gumu kuliko yote ila darasa linajaa na watu wanauliza. Kwa hiyo tatizo sio ugumu wa masomo jamani, ni namna tunavyofundishwa na kupimwa, na ndo nilichoandika, bila kutaja jina la mwalimu yeyote. Barua niliipeleka mwenyewe, na masomo mawili alama zilibandikwa kabla ya UE. Hilo nalisimamia.

Mwakani tunategemea Mungu akijalia idara itoe ratiba ya testi mapema, na tupate mshauri nasaha wa kukaa na watu wetu hata mara moja kwa muhula. Ada mpeni mhazini, hata kwa M-Pesa anapokea.

Mwenyekiti wenu