Biblia haihitaji magurudumu ya Bahari ya Shamu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu makala mliyoichapisha hivi karibuni, iliyodai kwamba akiolojia, yaani elimu ya kuchimbua mabaki ya kale, imekwisha kuthibitisha kila kisa cha Biblia, na ambayo ilipambwa kwa picha ya magurudumu ya magari ya Farao yanayosemekana kulala chini ya Bahari ya Shamu. Hapa Bagamoyo makala hiyo ilisomwa kwa sauti barazani, kisha ikatajwa kwenye mahubiri, na kwa kuwa mimi ni Mkristo niliyefundisha historia shuleni, sioni vyema kunyamaza.

Magurudumu hayo hayamo katika jumba lolote la makumbusho, wala hakuna wataalamu walioyachimba na kuchapisha ripoti ambayo wenzao wangeweza kuikagua. Linalosikitisha ni kwamba mwandishi aliyapa nafasi hayo na kuviacha vitu ambavyo vipo kweli. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, lililopatikana Dhiban, katika nchi ya Yordani ya leo, mwaka 1868 na ambalo sasa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris, linamtaja Omri mfalme wa Israeli. Jiwe la Tel Dan, lililofukuliwa kaskazini mwa Israeli mwaka 1993, liliandikwa na adui wa Israeli katika karne ya 9 KK, nalo lina maneno ambayo wataalamu wengi wanayasoma kuwa "nyumba ya Daudi". Jina la Pontio Pilato lilisomwa kwenye jiwe huko Kaisaria mwaka 1961.

Ushahidi unaonivutia kuliko wote ni ule wa Hezekia, mfalme wa Yuda. Mfalme Senakeribu wa Ashuru, aliyeivamia Yuda mwaka 701 KK, aliandikisha habari za vita vyake kwenye mche wa udongo wa kuchoma wenye pande sita, ambao leo uko London. Anajisifu kwamba alitwaa miji 46 yenye maboma na kumfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 18, kinasema Hezekia alilipa talanta (kipimo cha kale cha uzito) 30 za dhahabu, na Senakeribu anataja 30 zilezile. Kwenye fedha wanatofautiana, maana Biblia inasema 300 naye anasema 800. Hata hivyo, Senakeribu hasemi popote kwamba aliuteka mji, na katika kasri lake la Ninawi alichongesha picha za kuangushwa kwa Lakishi, mji mwingine wa Yuda, si Yerusalemu. Biblia inaeleza kwamba malaika aliyapiga majeshi yake usiku. Hapo mchimbaji hana la kuongeza wala la kupunguza.

Yeriko ni habari nyingine. John Garstang, aliyechimba huko miaka ya 1930, aliamini ameziona kuta zilizoanguka mbele ya Yoshua, lakini Kathleen Kenyon, aliyechimba kati ya 1952 na 1958 kwa mbinu makini zaidi, alionyesha kwamba mji ule uliharibiwa yapata mwaka 1550 KK, mapema mno kwa kisa hicho. Mwandishi wenu alimtaja Garstang na kumwacha Kenyon, na huko si kumtendea haki msomaji.

Sisi watu wa pwani jambo hili si geni kwetu. Habari za kale za Kilwa zinasimulia wageni waliotoka Shirazi, Uajemi, kwa majahazi saba, na sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hassan zilizopatikana katika magofu ya huko zinaonyesha kwamba sultani wa jina hilo alitawala kweli. Lakini nyumba na vyungu vilivyochimbwa vinaonyesha mji uliokuzwa na wenyeji, wala havionyeshi umati ulioshuka kutoka Uajemi. Hakuna anayezitupa habari hizo kwa sababu hiyo, na hakuna mwanahistoria makini anayedai kuwa sarafu zimethibitisha majahazi yote saba.

Ombi langu ni kwamba, kila mtakapoandika habari za kitu kilichochimbuliwa, mtueleze kilipatikana wapi, mwaka gani, nani alikichimba na kimehifadhiwa wapi. Kuhusu magurudumu, makala yenu haikujibu hata swali moja kati ya hayo, na naamini wasomaji wenu wanastahili kupata masahihisho katika ukurasa uleule.

Mwalimu mstaafu,
Bagamoyo