Kabla ya kukufungia mashine ya leza, tutaomba kuona chumba

Wateja wanaotaka mashine ya kuchomelea ya leza, ile ya kushika mkononi, huuliza kwanza ina wati ngapi na inachomelea unene gani. Jibu ni fupi: kwa masinki, meza za jikoni na reli za ngazi za stenlesi ya milimita 3 kushuka chini, wati 1500 zinatosha. Sisi tunauliza kwanza utaifunga wapi.

Hapa Dar es Salaam mafundi wengi wa mageti hufanyia kazi barazani, wapita njia wakikatiza na watoto wakisimama kutazama. Aliyetazama moto wa mashine ya kawaida huwashwa macho usiku kucha, na kwa kawaida baada ya siku mbili tatu hupona. Leza haina huruma hiyo. Mwale wake, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1070 hivi, hauonekani, kwa hiyo jicho halipati cha kulistua lifumbe. Lenzi ya jicho huukusanya mwale huo na kuutua kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na retina ikiungua hairudi. Huenda usisikie hata maumivu. Tena si lazima bunduki, yaani kishikio kinachotoa mwale, ikuelekee: mwale ukipiga stenlesi au alumini inayong'aa, hudunda na kumfikia aliye mbali, na kioo cha dirisha hakiuzuii. Leza za daraja la 4, daraja la hatari kuliko yote, huanzia nusu wati tu.

Ndiyo maana hatuifungi barazani, hata mteja akiwa amekwisha kulipa. Tunataka chumba kilichozibwa pande zote au kuzungushiwa mapazia maalumu ya leza, na mlango wenye swichi inayokata mwale ukifunguliwa. Kila aliye ndani, pamoja na kijana anayeshika bomba, avae miwani iliyoandikwa kwamba inakinga nanomita za mashine hiyo, kwa kiwango cha OD 7 au zaidi (OD ni kipimo cha jinsi miwani inavyopunguza mwale). Kofia yako ya zamani yenye kioo cheusi haikutengenezwa kwa mwale huu. Ukiihitaji kupunguza mng'ao, ivae juu ya miwani.

Kuna klempu ya usalama inayobana kwenye chuma unachochomelea, ili mwale utoke pale tu ncha ya bunduki inapogusa chuma. Tafadhali usiibane kwenye bunduki yenyewe ili kurahisisha kazi. Ukifanya hivyo, bunduki inaweza kufyatua hewani.

Kama mashine yako inapozwa kwa maji, tumia yaliyoondolewa madini. Ya kisima yana chumvi. Usishushe mno joto la maji hayo ukidhani unaisaidia mashine, kwa sababu kwa unyevu wa pwani yetu umande hujikusanya kwenye lenzi, na lenzi yenye umande huungua. Fungua argoni, gesi ya kukinga chomeleo, kabla ya kufyatua, kagua kioo kidogo cha kinga cha bunduki kila asubuhi, na kebo ya leza isikunjwe wala kukanyagwa. Moshi wa stenlesi una kromiamu inayodhuru mapafu, kwa hiyo weka feni ya kuuvuta kutoka pale unapochomelea.

Ukija dukani, njoo na vipimo vya chumba na picha ya mlango na madirisha. Tutakuambia cha kuziba na gharama yake kabla hujalipia mashine.