Hilo kabati lifunguliwe

Mhariri,

Ni miaka mingi sijakuandikia, na ningeendelea kunyamaza kama si ile habari yako ya chumba kipya cha sayansi na njia ya mazingira katika chuo cha ualimu, ile yenye picha ya mgeni rasmi akiinamia hadubini. Hebu itazame tena. Hadubini haina slaidi, kile kipande cha kioo cha kuwekea kinachotazamwa, na kioo chake cha kuakisi mwanga kimegeuziwa ukutani. Mgeni rasmi alikuwa anatazama giza, mwandishi wako akatuambia kwamba "alivutiwa".

Nimefundisha baiolojia hadi nikastaafu, kwa hiyo wiki mbili baadaye nilikwenda kujionea. Kabati la hadubini ni la vioo, lina kufuli mbili, na juu yake karatasi imeandikwa USIGUSE. Ufunguo mmoja alikuwa nao mtunza stoo, yuko likizo. Wa pili makamu mkuu, yuko kikaoni. Nilikaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana.

Zilitolewa hadubini tatu. Lenzi za mbili zilikuwa zimeota ukungu, nyuzinyuzi kama utando wa buibui, maana ukungu hustawi palipo na unyevu pasipopita hewa, yaani humo humo kabatini. Tunavifungia vifaa visiharibike, navyo vinaharibika kwa kufungiwa. Ya tatu nikampa mwanachuo wa mwaka wa pili, binti makini aliyenitajia sehemu zote za hadubini bila kukosea hata moja. Tukabandua utando wa kitunguu, tukadondoshea ayodini, tukafunika. Akaweka lenzi ya kukuza mara 40 moja kwa moja, akaweka jicho, akaanza kuzungusha skrubu kubwa inayosogeza lenzi na slaidi haraka. Kabla sijamwambia taratibu, ka! Slaidi imepasuka. Akanigeukia machozi yakimlengalenga: "Mwalimu, kwenye mchoro haifiki hapo." Mhariri, huyu karibuni atakuwa mbele ya darasa! Miaka miwili ameichora hadubini, ameipaka rangi, ameiwekea mishale, lakini hajawahi kuanza na lenzi ndogo, akasogeza jukwaa, yaani meza ya slaidi, karibu na lenzi huku akitazama kwa pembeni, ndipo akaweka jicho na kurudisha jukwaa polepole. Jambo hilo haliingii kwa masikio, huingia kwa vidole, na slaidi iliyopasuka ndiyo ada yake. Mimi mwenyewe nimelipa ada hiyo mara nyingi. Antonie van Leeuwenhoek, aliyeona viumbe wadogo wa majini ambao wasomi wa zama zake hawakuwa wamewaona, alikuwa muuza vitambaa mjini Delft na lenzi alijisugulia mwenyewe. Angebisha hodi pale angeambiwa alete barua ya utambulisho.

Hiyo njia ya mazingira nayo! Vibao vimepigiliwa kwenye miti kwa misumari, kana kwamba mti ukishapewa jina unaacha kunenepa. Kimoja kinasema MWAROBAINI, Azadirachta indica. Nikainua tawi: majani yamegawanyika mara mbili, na ya mwarobaini hugawanyika mara moja tu. Ule ni Melia azedarach, mti mwingine unaofanana nao, na matunda yake ni sumu. Bustani ya mimea ya chuo kikuu cha Padua ilianzishwa mwaka 1545 ili, pamoja na mengine, wanafunzi wa tiba wasichanganye mmea wa dawa na unaofanana nao. Sisi tumeuchanganya kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa.

Na lile bwawa dogo nyuma ya maabara? Limefukiwa "kwa sababu ya mbu", sasa ni maegesho ya magari. Wachanga wa kerengende waliokuwa wakila viluwiluwi vya mbu wamefukiwa nalo. Mbu nimewakuta kwenye mtaro wa maegesho, wazima wa afya.

Ushauri wangu: kufuli zote mbili apewe makamu mkuu, akafungie kiyoyozi chake. Kila mwanachuo avishwe shingoni lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 siku anayoripoti, arudishe siku anayohitimu. Katika bajeti ziandikwe slaidi 200 "za kupasuliwa", kwa maneno hayo hayo, mkaguzi asije akauliza. Na mgeni rasmi akirudi, awekewe utando wa kitunguu, kioo akigeuzie kwenye mwanga mwenyewe. Mpigapicha wako asubiri mpaka aone.

Mkufunzi mstaafu wa baiolojia