Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wa Jiji la Tanga: kilinge kinahitaji kiwanja

Kwako Ndugu Afisa Utamaduni,

Salaam.

YAH: OMBI LA ENEO LA KUDUMU NA KIBALI CHA MWAKA MZIMA KWA KILINGE CHA HIP HOP

Barua hii ningeweza kuileta ofisini kwako kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa na kungoja zamu yake. Nimeamua kuiandika mbele ya wote kwa sababu jambo lenyewe linawahusu wazazi, walimu, wenyeviti wa mitaa na vijana wenyewe, na ningependa kila mmoja wao ajue nimeomba nini kwa niaba ya nani. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mkazi wa Makorora, na kwa miaka sita sasa nimekuwa mlezi wa vijana wanaokutana kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri kuchana mistari ya hip hop, katika duara tunaloliita kilinge. Ombi langu nalitaja mapema: vijana hawa wapewe eneo moja la wazi lenye taa na umeme, kwa kibali cha mwaka mzima, na waachiwe uhuru wa kusema wanachokiona.

Kwa sasa kilinge kinakaa nyuma ya ghala la zamani lililokwisha kuezuliwa mabati, ambalo ukuta wake mmoja tu ndio uliobaki wima. Baiskeli hulazwa kando, spika moja huunganishwa na betri ya pikipiki, na vijana husimama duara. Betri ikiisha nguvu, mmoja huinamisha ndoo tupu akapiga mdundo kwa viganja, na shughuli haikatiki. Wamejiwekea masharti wao wenyewe, nami sikuyatunga: hakuna kumtukania mtu mama yake, hakuna kurudia mstari wa mwenzako, na spika inazimwa kabla ya adhana ya magharibi. Sharti hilo la mwisho lina faida mbili, kwani linaheshimu msikiti wa jirani na pia linawawezesha wasichana kuhudhuria, maana hakuna mama wa mtaani kwetu atakayemruhusu binti yake kukaa nyuma ya ghala gizani, na mimi mwenyewe nina binti na nisingemruhusu.

Naomba nikueleze habari ya kijana mmoja, ambaye jina lake nitalihifadhi. Aliacha shule akiwa kidato cha pili, akawa anapata riziki yake kwa kubeba ndoo za samaki pale Deep Sea, soko la samaki la hapa mjini. Alipokuja kilingeni mara ya kwanza mistari yake yote ilikuwa kichwani, na ilikuwa mizuri, lakini kila aliposhindanishwa na mwenzake aliyejiandaa alisahau katikati akanyamaza. Mwenzake mmoja akampa daftari la hesabu, lile la miraba, akamwambia aandike. Nililiona daftari lile baada ya wiki mbili: kurasa zimelowa, zinanuka samaki, maneno yamefutwa na kuandikwa tena mara tatu, na kila penye mtaro ameandika "mtalo". Hakuwa ameshika kalamu kwa miaka miwili. Alinifuata akaniuliza neno gani lina maana ya kujaa na linaishia na "-ndi", nami nikamwazima kamusi yangu. Kamusi ile haijarudi hadi leo, na sijamdai.

Ubeti aliokuwa akiuandika ulihusu mtaro wa mtaani kwao ulioziba, na masika moja ambayo bibi yake alilala juu ya meza kwa usiku mbili kwa sababu maji yalikuwa yameingia chumbani. Alipouchana Jumamosi ile, wengine wanne walikuwa na jambo la kuongeza, kwa kuwa mtaro ni uleule unaopita nyuma ya nyumba zao. Wiki iliyofuata walikwenda pamoja kwenye mkutano wa serikali ya mtaa, mkutano ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuhudhuria, wakauliza maswali yao kwa adabu, kisha wakaazima makoleo wakazibua sehemu ile waliyoweza. Sisemi kwamba mtaro umejengwa. Haujajengwa. Ninachosema ni kwamba vijana watano ambao mtaa ulikuwa ukiwaona kama kero ya kijiweni sasa wanajua mkutano wa mtaa unafanyika wapi, nani ana wajibu gani, na namna ya kusimama mbele ya watu wazima wakasema neno lao likasikika. Vijana wengine wawili wa rika lao, wa nyumba za jirani, wamezama kwenye unga, na mji huu unajua vyema unga umetuchukulia watoto wangapi. Duara lile la Jumamosi peke yake halitibu uraibu, lakini linampa kijana watu wa kumuuliza amepotelea wapi asipoonekana wiki mbili.

Najua utakutana na watu watakaokuambia kwamba hip hop ni uhuni wa Marekani uliotuingilia kwa njia ya luninga. Sisi wenyewe tumeambiwa hivyo: tulipoomba ukumbi mmoja wa mjini, ambao sioni haja ya kuutaja, tulijibiwa kwamba ukumbi haukodishwi kwa wahuni. Kwa hiyo naomba nieleze utamaduni huu ulikotoka, kwa kuwa asili yake ndiyo hoja yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wilaya ya Bronx, katika jiji la New York, ilikuwa imegawanywa na magenge ya vijana kiasi kwamba kijana wa upande mmoja hakuweza kuvuka barabara kwenda upande wa pili. Desemba 1971, kijana mmoja wa kundi la Ghetto Brothers, Cornell Benjamin, aliuawa akiwa amekwenda kusuluhisha ugomvi. Wenzake walikuwa na kila sababu ya kulipa kisasi, na wengi walitarajia hivyo, lakini badala yake waliyaita magenge yote kwenye ukumbi wa klabu ya wavulana uliopo Hoe Avenue, wakakaa chini wakafanya mapatano ya amani. Baada ya mapatano yale ndipo vijana walipoweza kuvuka mipaka ile na kwenda kwenye dansi za wenzao. Tarehe 11 Agosti 1973, binti aliyeitwa Cindy Campbell, akitaka kupata fedha za nguo za shule, aliandaa dansi katika chumba cha shughuli cha jengo walimoishi, nambari 1520 Sedgwick Avenue, na kaka yake Clive, mzaliwa wa Jamaika ambaye dunia inamjua kwa jina la Kool Herc, ndiye aliyepiga santuri. Siku hiyo ndiyo wana hip hop wanayoihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa utamaduni wao. Utaona kwamba ilitanguliwa na suluhu, na kwamba mara zote mbili vijana walikuwa na chumba cha kukutania. Pasingekuwepo ukumbi ule wa klabu, sijui mapatano yale yangefanyikia wapi.

Senegali walilielewa jambo hili. Katika mji wa Pikine, kando ya Dakar, rapa Matador na wenzake walianzisha shirika la Africulturban mwaka 2006, na makao yake yako ndani ya kituo cha utamaduni chenye jina la Léopold Sédar Senghor, mahali ambapo vijana wa vitongoji hujifunza fani za sanaa hii. Kampala nako, tangu mwaka huohuo wa 2006, vijana wa Breakdance Project Uganda wamekuwa wakifundishana bure kucheza breakdance, na mchezo wenyewe ulifika hadi Olimpiki ya Paris mwaka 2024.

Lakini sihitaji kwenda mbali, kwa sababu Tanga ina urithi wake katika jambo hili, na hapa ndipo ninapoomba unisikilize kama mtu mwenye dhamana ya utamaduni. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa Mrima, yaani pwani hii yetu, alitunga utenzi kueleza jinsi Wadachi, yaani Wajerumani, walivyoitwaa pwani mwishoni mwa karne ya 19. Hakungoja mtu wa mbali aje kuandika habari zake; aliyaona mambo, akayapanga kwa vina. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji huu, mwaka 1909. Bendi ya Atomic Jazz, na baada yao Black Star na Lucky Star kwa upande wa taarabu, waliufanya mji huu usikike Afrika Mashariki nzima. Darasani nafundisha kwamba mshororo wa shairi letu la kimapokeo una mizani 16, 8 kwa 8. Kilingeni vijana wanahesabu mistari 16 kwa kila ubeti. Hesabu hizo hazikutoka sehemu moja, najua, ila kijana aliyezoea kupima mistari yake kwa sikio hunielewa upesi ninapomfundisha mizani ubaoni, na wale wanaoniletea mashairi yaliyokamilika vina kwenye mtihani ni walewale ninaowaona Jumamosi.

Kisha likaja kundi la Wagosi wa Kaya, yaani Mkoloni na Dr. John, vijana wa hapahapa waliojipa jina la lugha za nyumbani na kuchana kwa lafudhi ya kwetu bila kuona haya. Mimi nilikuwa kijana walipouliza, kwa jina la wimbo wenyewe, Tanga kunani. Nakumbuka wazee waliofanya kazi kwenye viwanda vya mbolea na chuma wakisikiliza redio kwa makini, watu ambao siku nyingine muziki wa vijana hawakuutaka hata kuusikia. Wimbo wao kuhusu wauguzi uliwaudhi wengi, na ulizungumzwa kila nyumba kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mgonjwa aliyewahi kujibiwa vibaya. Na kama kuna anayeshuku kwamba jamii yetu inaweza kumwamini mchanaji, akumbuke kwamba wananchi wa Mbeya Mjini walimchagua rapa Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, kuwa mbunge wao mwaka 2010, na wale wa Mikumi wakamchagua rapa Joseph Haule, yaani Profesa Jay, mwaka 2015.

Ndiyo maana nimesema kwamba vijana waachiwe uhuru wa kusema. Mara kadhaa wameitwa kwenye shughuli za uhamasishaji, wakavalishwa fulana, wakapewa maneno yaliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine, wakaimba, wakarudi nyumbani. Watu walipiga makofi, lakini sikumsikia mtu mtaani akiyazungumzia maneno yale kesho yake. Ubeti wa mtaro uliwapeleka watu kwenye mkutano kwa sababu aliyeuandika ndiye aliyeteka maji yale chumbani kwa bibi yake. Kiwanja kikitolewa kwa sharti la kusifu, bora kisitolewe, tutaendelea na ukuta wetu wa ghala. Nalisema hili kwa heshima, nikijua kwamba kuna siku mstari wa kijana utaigusa halmashauri na simu ya kwanza utapigiwa wewe. Naomba siku hiyo uwe upande wa kumsikiliza kwanza.

Kuhusu utaratibu sina mengi. Kibali cha shughuli moja moja hakifai kwa jambo la kila wiki, kwani kijana anayebeba samaki hawezi kuacha kazi kila mara kufuatilia karatasi. Kibali kimoja cha mwaka, chenye jina la mlezi anayewajibika, kingetosha, na mimi niko tayari jina hilo liwe langu. Eneo liwe wazi, lionekane na wapita njia, liwe karibu na makazi ya watu. Saa ziwe kati ya alasiri na magharibi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Vijana wetu wanaandaa maombi ya kompyuta, kinasa sauti na spika mbili ambazo zitakodishwa pia kwenye harusi na mikutano, na ningeomba uwasaidie kueleza kwa wahusika kwamba studio ni mradi wenye mapato kama ulivyo mradi wa kuku au wa bodaboda.

Mwisho, nakualika. Jumamosi yoyote baada ya alasiri utatukuta. Hatutakuandalia meza ya wageni wala risala. Tutakutolea benchi la mama anayeuza mihogo pale nje, na utakaa ndani ya duara kama mtu mwingine. Yule kijana wa daftari ana ubeti mpya kuhusu chumba cha bibi yake na ameniomba asiuchane hadi utakapokuja, kwa hiyo anaubeba kila wiki na kurudi nao.

Natanguliza shukrani.

Mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa kilinge,
Makorora, Tanga