Ziara ya Jumamosi, Micheweni, Pemba

Assalaam alaykum wanajumuiya.

Jumamosi tunapita zile nyumba za watoto wa kusaidiwa tulizoelekezwa na sheha, kiongozi wa mtaa. Ni bamvua, maji yanakupwa sana, kina mama watakuwa pwani kwenye mwani mpaka mchana, basi tuanze baada ya sala ya alasiri. Tukiwahi tutakuta watoto bila wakubwa wao, na mtoto hahojiwi peke yake.

Madaftari na viatu vya skuli tafadhali visigaiwe barazani mbele ya majirani. Yupo mtoto aliyevificha vyake uvunguni kwa kuchekwa "vya msaada". Pita ndani, mkabidhi bibi yake, basi.

La muhimu zaidi: ukiona dalili za udhalilishaji, yaani mtoto kufanyiwa ukatili wa kijinsia, usikubali kikao cha suluhu cha ukoo. Najua muhali wetu, kuoneana haya kwa ujamaa, lakini mtoto ndiye anayelipa. Piga 116, ni bure, au mfikisheni Kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachohudumia waliodhalilishwa, hospitali ya Chake Chake. Asikoshwe wala nguo zisifuliwe kabla daktari hajamwona.

Picha na majina ya watoto humu kwenye kikundi, hapana. Nitafuta bila kuuliza.

Nani ana gari ya kututoa Konde?