Somo la mwili lianzie kwenye mwili wa mtoto mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna tunavyowafundisha watoto jinsi mwili unavyojongea. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bagamoyo, na jambo hili linaniuma kwa sababu kulirekebisha hakuhitaji bajeti.

Muulize mwanafunzi wa darasa la tano mtu mzima ana mifupa mingapi, atakujibu 206 kabla hujamaliza swali. Muulize kinachoukunja mkono wake anapopeleka tonge mdomoni, atanyamaza. Picha ya mifupa iko ukutani, majina ameyakariri na mtihani amefaulu, lakini hajawahi kuambiwa ajishike mkono wake aone kinachotokea.

Na kujishika huko ndiko kunakofundisha. Mtoto ashike mkono wake juu ya kiwiko, kisha aukunje: upande wa mbele unatuna na kuwa mgumu. Akikandamiza dawati kwa kiganja, ugumu unahamia nyuma. Hapo ndipo mwalimu aseme lile ambalo ni msingi wa somo zima: msuli huvuta tu, hausukumi. Hufupika, ukauvuta mfupa, kisha hulegea. Ndiyo maana kiwiko kina misuli ya kukikunja na mingine ya kukinyoosha, na hali ni hiyo hiyo kwenye goti na vidole.

Watoto wa hapa hawayapokei maneno hayo hivi hivi, na nawapenda kwa hilo. Watauliza: mbona tunawaona wavuvi wakiisukuma ngalawa kuiingiza majini? Swali hilo lina thamani kuliko chati yoyote, na jibu lake liko ufukweni, mwendo mfupi tu kutoka shule nyingi za mjini. Wapelekwe wakatazame. Mvuvi ameinama, mikono kaiegemeza kwenye ngalawa, magoti kayakunja. Misuli ya mbele ya mapaja inapofupika inaivuta pia ya goti, yaani kile kifupa cha mviringo kilicho mbele ya goti; kifupa hicho, kwa kano (kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa) iliyo chini yake, inauvuta mfupa wa muundi; goti linanyooka. Kwa kuwa nyayo zimekita mchangani, mwili unakwenda mbele na ngalawa nayo inakwenda. Tunachokiona kwa nje ni kusukuma, lakini ndani ya mapaja kila msuli unavuta. Mtoto akilielewa hilo, hata mkwezi wa minazi atamtazama kwa jicho jingine: ataona kwamba mikono hushikilia tu, na kazi kubwa ya kuupandisha mwili hufanywa na miguu, yenye misuli mikubwa zaidi.

Vidole navyo vina maajabu yake. Mwambie mtoto akishike kigasha cha mkono mmoja, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kisha avichezeshe vidole vya mkono huo. Atahisi kitu kinatembea chini ya ngozi, mbali kabisa na vidole. Misuli mikubwa ya kuvikunja vidole haimo vidoleni. Imo kwenye kigasha, na huvivuta kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Mtoto anaweza kulitengeneza jambo hilo mwenyewe kwa kadibodi ya boksi, vipande vya mrija na uzi wa kushonea nyavu: achore kiganja, akikate, akunje penye viungo, agundishe vipande vya mrija, apitishe uzi na kuuvuta. Kidole kinakunja. Nimeona watoto waliokuwa wakisinzia kwenye somo la sayansi wakigoma kwenda mapumziko kwa ajili ya uzi huo.

Bagamoyo tuna bahati nyingine ambayo hatuitumii. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, na leo ndicho TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mahali ambapo vijana husomea ngoma na kuufahamu mwili kwa kuutumia. Naomba shule na taasisi hiyo zipange vipindi vya pamoja. Mchezaji wa mdundiko akisimama mbele ya watoto na kukizungusha kiuno polepole, mwalimu wa sayansi aeleze: goti hukunja na kunyoosha kama bawaba ya mlango, lakini nyonga ina kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya shimo lake, na uti wa mgongo una pingili 24 zilizo huru, kila moja ikijongea kidogo tu hadi jumla yake ikawa mwendo mkubwa. Kisha watoto wenyewe wacheze. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, kwa hiyo kipindi cha namna hii hakiwapotezei muda.

Ipo pia sababu ya usalama. Watoto wetu hucheza mpira pekupeku na kujiandaa kwa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Mmoja akiteguka kifundo cha mguu, wenzake huuvuta na kuuchua kwa nguvu, na nyumbani unakandwa kwa maji ya moto. Kama mfupa umepata ufa, kuuvuta kunazidisha madhara. Mifupa ya mtoto ina sehemu za gegedu, laini kuliko mfupa wenyewe, karibu na ncha, na hapo ndipo inaporefukia. Pakiumia vibaya, mguu unaweza kukua mfupi au kupinda. Mtoto anayejua haya ataacha kucheza, ataweka kitambaa chenye maji baridi, na atamwambia mkubwa ampeleke kituo cha afya.

Kamati za shule nazo ziangalie jambo moja. Mtoto mwenye ulemavu wa miguu mara nyingi huambiwa akae kando wenzake wanapotoka nje. Katika somo hili asikae kando. Anayetembea kwa magongo hubeba uzito wake kwa misuli ya mabega na ya nyuma ya mikono, na akipenda mwenyewe, bila kulazimishwa, anaweza kuwaonyesha wenzake namna inavyofanya kazi kuliko mwalimu yeyote.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Bagamoyo