Barua ya wazi kwa vijana wa mizinga mliopelekwa unadhimu

Wanangu,

Manung'uniko yenu yamenifikia. Mlisomea mizinga mkitaraji kukabidhiwa betri, yaani kikosi cha mizinga, mkakabidhiwa meza na ramani, na sasa mnaona mmetupwa kando. Mimi nilipakia makombora vita vya Kagera, na masikio yangu yanavuma mpaka leo. Niwieni radhi niwasimulie habari za mtu wa mizinga wa Uingereza, Alan Brooke.

Aliingia mizinga mwaka 1902. Tarehe 1 Julai 1916, vita vya Somme, Ufaransa, vilipoanza, alikuwa mnadhimu, yaani ofisa mpangaji, wa mizinga wa Divisheni ya 18. Siku ile moja Waingereza zaidi ya 57,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea, wengi wakifyekwa na bunduki za rashasha. Divisheni ya 18 ilifika ilikotumwa. Sababu mojawapo ni pazia la makombora: yanaanguka mbele ya askari wa miguu, baada ya dakika chache yanasogezwa mbele kidogo, nao wanayafuata kwa karibu hata udongo unawarukia, adui asipate kuinua kichwa. Pazia likitangulia mno, adui anarudi kwenye rashasha yake. Likichelewa, umeua wenzako. Fikirini ni nani aliyekokotoa dakika zile, na alikuwa amekaa wapi.

Desemba 1941, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, akawa Mkuu wa Unadhimu wa jeshi lote la Uingereza. Kazi ngumu kuliko zote ikawa kumkatalia Waziri Mkuu Churchill, ambaye kila usiku alikuwa na wazo jipya. Mkubwa akigonga meza, Brooke naye anagonga, kisha anaweka hesabu mbele yake: meli ngapi, askari wangapi. Agosti 1942, mjini Cairo, Churchill alimpa nafasi ya kuongoza majeshi ya Mashariki ya Kati. Roho ya Brooke iliitaka mno. Akakataa, kwa kuwa alijua jinsi ya kumzuia mzee yule, na mgeni angechukua miezi kujifunza.

Mwaka uliofuata, huko Quebec, Kanada, aliambiwa kwamba uongozi wa majeshi ya kutua Ufaransa, alioahidiwa, utakwenda kwa Mmarekani. Hapo ndipo namhurumia. Uchungu wake aliuandika kwenye daftari alilomwekea mkewe, akarudi kwenye vikao na Wamarekani walewale. Sisifu kila kitu: daftari hilo lina maneno makali juu ya majenerali wa Kimarekani Eisenhower na Marshall, na mengine hawakuyastahili. Lakini kazini hakususa.

Basi wanangu, mkubwa wenu akileta mpango usiotosha risasi wala mafuta, msimwitikie "ndiyo, afande" kisha mkalalamike kantini. Mwonyesheni hesabu, kwa adabu, mkiwa mmesimama wima. Vita vya Kagera nilisubiri lori la makombora siku nzima, kwa sababu kijana mmoja mezani aliona aibu kusema njia haipitiki.

Mzee wenu wa mizinga